Skrini ya bluu kwenye PC ya gemu: kabla hujapiga Windows upya

Wiki mbili zilizopita dogo mmoja wa mtaani kwetu kaniletea PC yake kwenye bodaboda, kaikumbatia kama mtoto mgonjwa, boksi lina kioo ubavuni na feni za taa za kila rangi, hata hajashuka vizuri ananiambia "shikamoo kaka, fundi kasema Windows imechoka." Nikamuuliza imeshapigwa mara ngapi, akasema tatu ndani ya mwezi mmoja, kila mara kalipa hela, na kila mara inakaa siku mbili tatu freshi kabisa, afu usiku akifungua gemu inaganda kidogo, bluu, inajizima na kujiwasha yenyewe. Mara ya nne ndo kachoka yeye.

Tuelewane mapema hapa. Skrini ya bluu ni Windows yenyewe imeamua kusimama, imekuta kitu hakiko sawa huko chini kabisa na ikaona bora izime kuliko iendelee ikaharibu mafaili yako. Kabla haijazima inaandika imekuta nini. Sa wewe ukikimbilia kupiga Windows upya unafuta hayo maandishi yote afu unabaki unauliza tatizo ni nini. Mimi Windows huwa naipiga mwisho kabisa, na nitaeleza kwanini.

Ishike ikiwa bado inaongea

Wengi wanasema "inatokea haraka sijasoma", na kweli, maana imewekwa ijiristati yenyewe. Bonyeza Windows na R kwa pamoja, andika sysdm.cpl, nenda Advanced, pale Startup and Recovery ingia Settings, toa tiki kwenye Automatically restart, na hapohapo chini chagua Small memory dump. Ikikrashi tena itabaki imesimama, toa simu piga picha. Unachotaka ni lile jina la kosa lenye herufi kubwa, mfano MEMORY_MANAGEMENT au VIDEO_TDR_FAILURE, na kama limetaja faili linaloishia na .sys pia lichukue. Kama uko Windows 11 za karibuni usishangae skrini kuwa nyeusi, Microsoft waliibadilisha mwaka 2025, uso wa huzuni na ile QR vikaondoka, ila jina la kosa bado lipo na mambo ni yaleyale.

Afu nenda C:\Windows\Minidump. Kila ikianguka inatakiwa iache faili dogo humo lenye tarehe. Folda ikiwa tupu na unajua kabisa imekrashi mara kumi, kuna mambo matatu nayakuta sana: programu za kusafisha kompyuta zimeyafuta, au SSD imejaa mpaka mwisho, au kuna mtu alizima virtual memory ili apate nafasi kwenye kale ka-SSD ka 120GB, na bila hiyo Windows haina pa kuandikia. Irudishe kwenye System managed usubiri ianguke tena. (Kuna la nne, kwamba haikuwa skrini ya bluu kabisa, hilo linakuja.)

Mafaili hayo yafungue na BlueScreenView ya NirSoft, ni ya bure na ni ndogo sana. Ukiona imemtaja ntoskrnl.exe usikimbilie kusema "Windows imekufa", huyo ni Windows yenyewe, ndo aliyeangukiwa, aliyemsukuma mara nyingi ni mwingine. Ukiona nvlddmkm.sys ni draiva (programu inayoongoza kifaa) ya kadi ya NVIDIA, amdkmdag.sys ni ya AMD, vgk.sys ni ile Vanguard ya kuzuia wadanganyifu kwenye gemu la Valorant, na kadhalika.

Ila faili moja tu halikuambii kitu kikubwa. Yasome matano sita kwa pamoja. Kama kila siku ni jina lilelile na .sys ileile, huyo mara nyingi ni draiva au kifaa chake. Kama leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, keshokutwa PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, mtondo SYSTEM_THREAD_EXCEPTION_NOT_HANDLED, yaani kila siku anamlaumu mwingine, hapo acha kabisa kuhangaika na draiva, nenda kwenye ramu, umeme au prosesa. Hii peke yake imeniokolea masaa mengi kuliko programu yoyote ya kulipia.

Inazima tu pap, bluu hata huioni

Hapa watu wanachanganya sana. Mtu anasema skrini ya bluu, ukimhoji anakwambia "yaani inakata tu, feni zinasimama, inawaka tena." Hiyo si bluu mdau, huo ni umeme, au joto.

Hakikisha hivi: fungua Event Viewer, Windows Logs, System, tafuta Kernel-Power namba 41. Ukiikuta usidhani ndo jibu, inasema tu "nilizimika bila kuagwa". Ingia Details uangalie BugcheckCode. Ikiwa 0, basi mara nyingi Windows haikupata hata nafasi ya kuchora hiyo bluu, moto ulikatika tu. Ikiwa namba nyingine ilikuwa bluu kweli, ila humo wanaiandika kwa hesabu ya kawaida, sio ile ya kuanzia na 0x, kwa hiyo 278 ndo 0x116 ya kadi ya grafiksi, 26 ndo 0x1A ya MEMORY_MANAGEMENT, 292 ndo 0x124 ya WHEA, yaani kosa la kifaa.

Mimi mwenyewe hili lilinisumbua karibu miezi miwili. Mashine yangu mchana inacheza vizuri, kuanzia saa moja usiku mpaka saa nne inakata, baada ya hapo safi. Nikabadilisha draiva, nikapaka pesti mpya ya kupitisha joto kwenye prosesa, wapi. Siku moja nikachomeka multimita kwenye soketi jioni, 230 inayotakiwa hamna, inasoma 178, watu wote mtaani wamewasha pasi na feni na majiko. Nikageuza pawa saplai nikasoma kibandiko chake, kimeandikwa 200-240V. Basi. Zile nzuri zinaandikwa 100-240V na umeme ukishuka hivyo hata hazijui, ila hizi za bei chee nyingi zinataka 200 kwenda juu, chini ya hapo kadi ya grafiksi ikivuta kidogo tu inakata. Kwa hiyo kabla hujanunua soma kibandiko. Na kama yako ina kale kaswichi kekundu ka 115/230 nyuma, usikaguse kabisa, ukiweka 115 huku kwetu utasikia mlio na harufu.

Stabilaiza inasaidia, UPS inasaidia, ila angalia UPS inabeba wati ngapi maana VA na wati si kitu kimoja, nyingi za 650VA zinabeba wati 360 hivi au pungufu, umeme ukikatika ukiwa katikati ya gemu nzito inapiga kelele na kuzima na wewe unailaumu PC.

Halafu kuna hawa wenzangu wa mashine za ofisini, OptiPlex na EliteDesk za mtumba, wanapachika kadi ya grafiksi wanakuwa na PC ya gemu. Wazo zuri, bei nzuri, na mimi nishajenga nyingi tu. Ila pawa saplai za yale maboksi madogo nyingi hazifiki hata wati 300, na ile sloti ya kuchomekea kadi inatoa wati 75 tu. Kadi kama GTX 1050 Ti au 1650 isiyo na plagi ya ziada inakaa vizuri. Ukitaka 1660 Super inataka plagi ya pini 8, na hapo ndo mtu anakuuzia kile kiwaya cha kubadilisha plagi ya SATA iwe ya kadi. Usikubali. Plagi ya SATA imetengenezwa kubeba wati 54 kwenye upande wa volti 12, ukiibebesha mara mbili ya hapo inaanza kwa kukrashi kwenye gemu na inaishia kuyeyuka, nishaona plagi imekuwa nyeusi imeganda kwenye waya mpaka ikabidi tukate.

Inaanguka ukiwa ndani ya gemu tu

Kwenye YouTube na intaneti unakaa siku nzima, ukifungua gemu dakika kumi bluu. Jina litakuwa VIDEO_TDR_FAILURE au kitu cha nvlddmkm, mara nyingine DPC_WATCHDOG_VIOLATION. Hii TDR maana yake Windows iliiuliza kadi ya grafiksi kitu, kwa kawaida inaisubiri sekunde 2, haikujibu, ikajaribu kuiamsha, ikashindwa.

Anza na draiva kwa sababu ni bure, ila usiweke mpya juu ya ya zamani. Shusha kwanza draiva unayoitaka, shusha na DDU (programu ya kufuta draiva ya grafiksi mpaka mizizi), afu chomoa intaneti kabisa maana ukiiacha Windows Update inaweza kukuwekea ya kwake kabla yako. Ingia Safe Mode, endesha DDU ifute kila kitu, ristati, weka ile uliyoshusha. Na sio lazima iwe ya jana. Kama tatizo lilianza baada ya apdeti, rudi kwenye ile ya nyuma uliyokuwa unachezea vizuri.

Kama bado, rudisha kadi kwenye kasi yake ya kiwandani. Watu wanaweka MSI Afterburner wanaongeza MHz wanasahau, mwaka unapita. Na kama kadi ni ya mtumba na uliinunua kwa bei iliyokufurahisha, fungua GPU-Z uiangalie, maana kuna kadi za zamani sana zimeandikwa upya ndani zijiite 1050 Ti, na GPU-Z nyingi za hizo inazitambua inaandika FAKE mbele ya jina. Kadi halali iliyochimbishwa sarafu miaka miwili mfululizo nayo ina mambo yake, pesti imekauka, pedi za kwenye memori yake zimekuwa kama biskuti, inawaka vizuri ila ikipata moto inajikata. Hiyo kuifungua na kubadilisha pesti na pedi mara nyingi inarudi, ila mpe mtu anayejua unene wa pedi, ukiweka nene mno kile kipoozeo hakikai sawa juu ya chipu.

Majina yanabadilika kila siku

Huyu ndo dogo wetu. Minidump zake nilikuta saba, majina matano tofauti. Hata sikufungua draiva.

Kitu cha kwanza kwenye ramu ni kuingia bayosi (ile menyu ya madabodi kabla Windows haijawaka) na kuzima XMP, mpangilio wa kuipa ramu kasi zaidi, kwenye AMD wengine inaitwa EXPO au DOCP. Ile kasi ya 3200 au 6000 uliyolipia na iliyoandikwa kwenye boksi kwa kawaida ni ya kuisukuma ramu, kasi ya kuanzia ya DDR4 ni kama 2133 au 2666, na DDR5 ni kama 4800. Ukiizima na bluu zikaisha umepata jibu, mara nyingi ramu si mbovu, ni prosesa au madabodi haiwezi hiyo kasi na hizo ramu, basi apdeti bayosi au shusha kidogo. Wenye ramu nne za DDR5 mnajijua, hizo mara nyingi hazifiki kasi hiyo.

Kama bado zinakuja, weka MemTest86 kwenye flashi, washa PC kutokea kwenye flashi, iache usiku kucha izunguke mara nne. Kosa moja tu linatosha, usiseme "ni moja tu kaka". Ile programu ya kupima ramu ya ndani ya Windows inapitisha ramu mbovu nyingi, mimi ikisema safi siiamini, ikisema mbovu naiamini.

Ya dogo haikufika hata dakika kumi, mistari myekundu ikaanza kushuka. Alikuwa na ramu mbili, moja ilikuja na mashine, nyingine aliongeza baadaye kwa mtu. Nikachomoa ile ya kuongeza, nikapima ile ya asili peke yake mpaka asubuhi, safi. Nikageuza, nikaweka ya kuongeza peke yake sloti ileile, nyekundu. Bado sijaihukumu, nikaisafisha meno kwa ufutio wa penseli na kitambaa chenye spiriti, nikaihamishia sloti nyingine, nyekundu tena. Hapo ndo nikajua ni ramu yenyewe na sio sloti. Fanya hivi hivi, kitu kimoja kwa wakati mmoja, ukibadilisha viwili pamoja ikapona hutajua kilichoponyesha. Na ukirudisha ramu mbili kwenye madabodi ya sloti nne, nyingi zinataka ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, sio mbili zilizobanana, angalia kitabu chake.

Sa kwanini Windows mpya ilikuwa inakaa siku mbili? Kwa sababu Windows tupu inatumia ramu kidogo, kile chumba kibovu bado hakijapata mpangaji. Ukishaweka Steam, Discord, gemu lenyewe na kivinjari chenye tabo thelathini, ramu inajaa, kuna kitu kinaingia pale pabovu, kinasomwa kikiwa kimegeuka, bluu. Fundi anaonekana kaponyesha, na hela kalipwa.

WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR

Hapa mara nyingi ni prosesa au umeme wake ndo unalalamika. Kama ume-ovaklok au umepunguza volti, rudisha yote kama kiwandani kabla hujamuuliza mtu. Wenye Ryzen waliocheza na Curve Optimizer (ya kupunguza volti za prosesa) wakaenda hasi mno wanajulikana, gemu linaenda vizuri masaa matatu, PC inaanguka ikiwa imekaa tu haifanyi kitu.

Wenye Intel ya kizazi cha 13 na 14, hasa zile i7 na i9 kubwa za mezani, msome hapa taratibu. Intel wenyewe walikiri mwaka 2024 kwamba zilikuwa zinaomba volti kubwa kupita kiasi na zinaharibika polepole. Dalili yake ya ajabu ni kwamba gemu za Unreal Engine zinakwambia memori ya grafiksi imejaa wakati una kadi ya 16GB, au zinaanguka pale zinapoandaa sheda (programu ndogo za kuchora picha) mwanzoni. Apdeti bayosi iwe na maikrokodi (marekebisho ya ndani ya prosesa) 0x12B au mpya zaidi. Ila ile inazuia tu, prosesa iliyokwisha kuharibika hairudi, hiyo ni ya kudai waranti, na Intel waliongeza miaka miwili juu ya ile ya kawaida kwa modeli zilizotajwa. Kwa hiyo ukinunua i9 ya mtumba kutoka nje kwa bei ya kutupa, muulize muuzaji kwanini anaitupa.

Inaganda kwanza, afu ndo bluu

Kipanya kinasimama, sauti inakwama drrrrr, dakika inapita, CRITICAL_PROCESS_DIED au KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR, ikijiwasha inasema haioni diski, ukizima kabisa na kuchomoa umeme inaiona tena. SSD hiyo. Hamisha vitu vyako muhimu leo, sio kesho, ndo baadaye uendeshe CrystalDiskInfo na chkdsk za kupima diski. Kama ni ya SATA badilisha waya kwanza, ni bei ya chapati.

Joto mara nyingi halileti bluu, linapunguza kasi kwanza afu linazima. Weka HWiNFO uangalie joto, na wenye Ryzen 7000 msiogope kuona nyuzi 95, nyingi zimetengenezwa zifike hapo. Puliza vumbi tu, na usiweke boksi sakafuni karibu na mlango.

Draiva za ajabu ajabu nazo: programu za taa za RGB, za kuongoza feni, antivairasi mbili zinapigana, na zile cheat za kushushwa Telegram ambazo zinaingia mpaka kwenye kiini cha Windows, mimi mashine yenye hizo siipokei. Kinachokaa huko chini kinaweza kuangusha mashine nzima isiyo na tatizo lolote. Tarehe 19 Julai 2024 apdeti moja mbovu ya programu ya usalama ya CrowdStrike iliziangusha kompyuta milioni 8.5 hivi kwa hesabu ya Microsoft, ndege zikabaki chini, na hakukuwa na ramu wala SSD mbovu hata moja iliyohusika.

Sasa Windows

Watu wakiona bluu wanakimbilia sfc /scannow, amri ya kukagua na kutengeneza mafaili ya Windows. Nzuri, pamoja na DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ila baada ya kupima ramu. Ukiwa na ramu mbovu sfc itakuta mafaili yameharibika leo, itayatengeneza kupitia ramu ileile mbovu, kesho itakuta mengine.

Na ukifika pa kupiga Windows upya kabisa, piga safi kutoka kwenye flashi, futa patisheni zote, usiweke chochote zaidi ya draiva ya grafiksi na gemu moja, cheza siku mbili. Ikianguka hapo ni kifaa. Tena ikianguka wakati Windows bado inajiweka, pale kwenye asilimia, hata usisubiri hizo siku mbili.

Dogo nilimuuliza ile mara ya tatu ilikuwaje pale kwa fundi. Akasema iligoma kwenye asilimia sitini na kitu, ikaja bluu, fundi akamwambia flashi mbovu, akamuuzia nyingine.